Usimjibu Daktari "Nzuri Tu": Kuomba Mafao ya Ulemavu Marekani

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo?

Mmesikia mlivyoitika? "Hatujambo," ukumbi mzima. Na humu ndani yumo ambaye mgongo haukumpa usingizi jana, naye ameitika vilevile. Ndivyo tulivyolelewa. Ila hapa Marekani malezi hayo yanawakosesha watu wetu haki, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Niliwahi kumsindikiza mzee mmoja hospitali, mimi nikiwa mkalimani wake. Ngazi alizipanda kwa kushikwa mkono. Daktari akamuuliza anaendeleaje, mzee akasema, "Nzuri tu, namshukuru Mungu." Nikatafsiri alichosema, kwani mkalimani haongezi neno. Daktari akaandika. Miezi baadaye mzee akaomba mafao, akakataliwa, na barua ikasema faili la hospitali linaonyesha anaendelea vizuri. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa tuiangalie sheria. Wengi wanadhani ukishapata jina la ugonjwa, kisukari au moyo au sonona, basi umeshastahili. Hapana. Sheria inauliza kama ugonjwa huo, uliothibitishwa kwa vipimo vya kitabibu, unakuzuia kufanya kazi ya maana ya kujipatia kipato, na kama umedumu au unatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi, au kuishia kwenye kifo. Kuumia kwa miezi minne hakuhesabiki, hata kama ni kuumia vibaya. Ulemavu wa nusu nao haulipwi. Mwaka 2025, asiye kipofu aliyepata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi kutokana na kazi, kwa kawaida ombi lake liliishia hapo hapo. Kwa kipofu kiwango kilikuwa dola 2,700.

Mafao haya, yanayotolewa na Ofisi ya Hifadhi ya Jamii, yana milango miwili. SSDI, iliyoanzishwa 1956, ni bima ya ulemavu: umeilipia kwa makato ya mshahara. Mwenye miaka 31 na kuendelea kwa kawaida anatakiwa awe amefanya kazi yenye makato kama miaka 5 ndani ya 10 iliyotangulia ulemavu; kijana anadaiwa pungufu. SSI, yaani msaada wa kipato kwa wasio na uwezo, iliyoanza kulipa Januari 1974, haiangalii historia ya kazi, inaangalia umaskini. Mali yako isizidi dola 2,000, au 3,000 kwa mke na mume, ingawa nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Wasio raia wana masharti zaidi, na mkimbizi kwa SSI ana kikomo cha miaka 7, kwa hiyo suala la uraia lisingoje mwaka wa saba.

Nirudi kwenye faili la hospitali na karatasi za ombi, maana hapo ndipo kesi hupona au hufa. Anayeamua ni ofisa wa jimbo ambaye kwa kawaida hatakuona kwa macho. Anakuona kwenye karatasi tu. Zipo fomu zinazouliza siku yako inavyokwenda: unapikaje, unavaaje, unasimama muda gani. Mama zangu, hapa ndipo mnapojidhulumu. Mtu anaandika "napika". Unapika vipi? Kama unakaa kwenye kiti, binti anakuinulia sufuria, kisha unalala saa mbili, andika hivyo. Si kulalamika, wala si kutia chumvi. Chumvi ikionekana itakuharibia yote. Ni kusema ukweli mpaka mwisho wake. Na daktari umwambie vivyo hivyo kila unapokwenda: "Naweza kusimama dakika kumi, kisha mguu unakufa ganzi." Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko jina refu la ugonjwa. Taja pia dawa zinavyokulewesha, na siku ngapi kwa mwezi huamki kabisa.

Umri nao una maana. Ukishavuka miaka 50, na zaidi 55, kanuni zinakubali kwamba si rahisi kuanza kazi ya aina nyingine.

Maombi mengi hukataliwa mara ya kwanza, tena mengi sana. Barua ikija, usiifiche chini ya godoro. Una siku 60 za kukata rufaa. Kwanza ombi huangaliwa upya, kisha unakwenda mbele ya jaji, halafu Baraza la Rufaa, na mwisho mahakama ya shirikisho. Nawasihi, msianze ombi jipya kwa hasira. Rufaa hulinda tarehe ya ombi lako la kwanza, na tarehe ni pesa. SSDI inaweza kulipa hadi miezi 12 iliyotangulia ombi, ingawa miezi 5 kamili ya mwanzo wa ulemavu hailipwi. SSI hairudi nyuma ya ombi hata siku moja. Wakili kwa kawaida halipwi mpaka ushinde, na malipo yake hukatwa kwenye malimbikizo yako, yaani fedha za miezi ya nyuma unazolipwa ukishinda, si mfukoni.

Mwisho, mkalimani. Ofisi ya Hifadhi ya Jamii inatoa mkalimani bure, wa Kiswahili pia. Ombeni. Msimpeleke mtoto wa miaka kumi na miwili akatafsiri jinsi mama yake anavyoshindwa kuoga. Mama hatasema, na mtoto hatatafsiri.

Naona mikono imeinuka kule nyuma. Karibu, mama, tuanze na wewe.