Supachaja Haikuwa Tatizo: Magari Madogo ya Mbio ya Uingereza Kabla ya Vita

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu kila nikizungumzia magari madogo ya mbio ya Uingereza ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, bado naulizwa habari za supachaja peke yake, kana kwamba ndiyo iliyokuwa gari zima. Supachaja ni pampu: huishindilia injini ndogo mchanganyiko mwingi zaidi wa hewa na mafuta kuliko ule ambao ingeweza kuuvuta yenyewe. Kuipata nguvu hakukuwashinda Waingereza. Kilichowashinda ni kuifikisha barabarani.

Tuitazame MG ya aina ya Q, gari la mbio la kampuni ya MG, lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1934. Injini yake ilikuwa na sentimita za ujazo 746 tu, lakini kwa supachaja ya Zoller ilitoa takriban nguvu za farasi 113 kwa mizunguko 7,300 kwa dakika, yaani zaidi ya 150 kwa kila lita. Sasa chungulieni uvunguni mwake: ekseli ngumu mbele na nyuma, juu ya springi za mabamba, kama magari ya kawaida ya siku zile. Gurudumu moja likipanda tuta, mwenzake hupinda nalo. Ekseli ya nyuma ikiruka, tairi huachia barabara, na nguvu yote ile huishia kuzungusha gurudumu hewani.

Najua yupo atakayeuliza kwa nini hawakutumia injini kubwa iliyo tulivu. Mbio zilipangwa kwa madaraja ya ujazo wa injini, sentimita za ujazo 750, 1,100 na 1,500. Ukiongeza ujazo umehama daraja.

H. N. Charles, mhandisi wa MG, alilielewa tatizo, na mwaka 1935 akaleta aina ya R: fremu ya umbo la Y, injini ikikaa kati ya matawi yake, na kila gurudumu likicheza peke yake kwa fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi za mabamba. Magurudumu yalishika barabara, ingawa gari lililala mno kwenye kona. Dosari hiyo ingeweza kurekebishwa, lakini katikati ya mwaka huo huo idara ya mbio ikafungwa, kazi ikakatika ikiwa imeanza tu kuzaa matunda, na mpaka leo inaniuma.

Mtanitajia Austin ya mwaka 1936, iliyoundwa na mhandisi Murray Jamieson, yenye nguvu za farasi 116 kutoka sentimita za ujazo 744, iliyoshinda ikiwa na ekseli ngumu. Ni kweli ilishinda. Ushindi wake hauthibitishi kwamba ekseli ile ndiyo iliyoufaa.

Habari ya joto naipitia kwa haraka: hewa ikishindiliwa hupata moto, na methanoli, aina ya alkoholi iliyotumika kama mafuta ya mbio, inapogeuka mvuke huupunguza kabla pistoni hazijatoboka. Ama ERA, gari jingine la mbio la Uingereza lililoundwa Bourne, lililoanza mwaka 1934, magurudumu yake ya mbele hayakucheza kila moja peke yake mpaka ilipokuja aina ya C, na hata hapo ekseli ya nyuma ilibaki ngumu.