Kopo la Mafuta Lenye "Mafuta Sifuri"

Wapendwa, karibuni tena. Wakubwa zangu mnaonitazama, shikamooni.

Hiki nilichoshika ni kikopo cha mafuta ya kupuliza, yale ya kupaka kikaangoni. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mmeona? Kalori: 0. Mafuta: gramu 0. Haya, someni viambato hapa chini, maana sheria inataka vipangwe kwa uzito, kizito ndicho kitangulie. Kilichotangulia ni nini? Mafuta!

Na wala hawajavunja sheria. Ujanja uko juu kabisa, kwenye mstari wa kiasi cha kutumia mara moja. Hapa wameandika kupuliza kwa robo sekunde. Robo sekunde, jamani, nani ana kidole chepesi hivyo? Huku Marekani, kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa, zinasema mafuta yakiwa chini ya nusu gramu kwa kiasi hicho, andika sifuri. Kalori zisipofika 5, ruksa kuandika sifuri pia. Sasa wewe umebonyeza sekunde tatu kama mimi: hiyo ni mara 12 ya walichopimia.

Ndiyo maana kalori siziangalii kwanza, hata kama tangu mabadiliko ya lebo ya mwaka 2016 zimekozwa wino mpaka unazisoma ukiwa mbali. Naanzia kwenye huo mstari. Pakiti unaiona ndogo, ya mtu mmoja, kumbe ndani kuna kiasi hicho mara mbili na nusu. Sukari iliyoongezwa wameandika gramu 12, ukaona nafuu. Ukimaliza pakiti umekula gramu 30. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo ni vijiko saba na nusu. Hivyo ungevitia kwenye kikombe chako mbele ya watu?

Kwa hili mimi nawapa heko Ulaya. Kule lazima waandike kwa kila gramu 100, basi unaweka pakiti mbili ubavuni na unajua papo hapo ipi ina chumvi zaidi. Hizi za huku zinakutaka uwe na kikokotoo.

Zile asilimia za pembeni nitazifanyia video yake. Wamezipigia hesabu ya mtu wa kalori 2,000 kwa siku, na wengi wetu si yeye. Haya, tuonane wiki ijayo.