Kunasa Radikali Huru kwa Mwanga Ndani ya Kioo Baridi

Karibuni, watazamaji. Leo tutatengeneza radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, kwa mwanga peke yake, kisha tutaipima kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kabla haijatoweka. Kampaundi yetu ya aromatiki ni tetramethilifenilenidiamini, ambayo maabara huifupisha TMPD. Molekuli yake huachia elektroni moja kwa wepesi, na kinachobaki ni radikali yenye chaji chanya na rangi kali ya buluu, inayojulikana kwa jina la mwanakemia Wurster, aliyeieleza mwaka 1879. Mbinu tutakayoifuata ni ya wanakemia Gilbert Lewis na David Lipkin, waliyoichapisha mwaka 1942 wakiwa California, na kwangu mimi hakuna jaribio linaloonyesha uoksidishaji (kupoteza elektroni) kwa mwanga waziwazi kuliko hili.

Kiyeyusho ni sehemu 5 za etha, 5 za isopentani na 2 za ethanoli. Kupima na kuchanganya mnakujua. Zimeni kila moto uliopo, kwa kuwa isopentani huchemka kwenye nyuzi 28 tu za selisi.

Sasa sogezeni macho kwenye kijiko hiki. Fuwele za TMPD za katikati ni nyeupe, lakini hizi za pembeni zimeanza kuwa na rangi ya zambarau, maana yake hewa imekwisha kuanza kazi tunayotaka ifanywe na mwanga. Zitengeni. Kama dukani mmepewa TMPD katika umbo la chumvi ya hidrokloridi, igeuzeni kwanza kuwa besi, kwa sababu naitrojeni iliyoshikwa na protoni haitoi elektroni kwa urahisi. Yeyusheni kiasi kidogo sana, kisha gandisheni, vuteni hewa kwa pampu, yeyusheni tena, na mrudie hivyo mara tatu ili oksijeni iishe.

Tumefika mahali pa kazi. Tyubu ya kwatzi inateremshwa ndani ya nitrojeni kioevu, nyuzi 196 chini ya sifuri, polepole. Naomba msiharakishe: kiyeyusho kinatakiwa kigande kiwe kioo safi kisicho na fuwele. Mkikizamisha ghafla hupasuka ndani kwa ndani, na kila ufa hutawanya mwanga, hata mstari wa wigo (mchoro wa mwanga unaofyonzwa katika kila urefu wa wimbi) hupanda kuelekea upande wa urujuani kana kwamba kuna kitu kinachofyonza. Polepole, basi. Mkiona ufa hata mmoja, toeni tyubu, yeyusheni, na muanze upya. Msijidanganye kwamba hesabu itaurekebisha.

Subirini kidogo. Mnaona skrini inavyorukaruka? Unyevu umeganda kwenye dirisha la chupa ya baridi, na mapovu ya nitrojeni yanapita katika njia ya mwanga. Ninafuta dirisha, ninapuliza hewa kavu, kisha tunangoja mchemko utulie. Sasa chukueni wigo wa mwanzo, ule wa gizani, kwa sababu huo ndio tutakaouondoa baadaye.

Vaeni miwani ya kuzuia urujuanimno, kisha washeni taa ya zebaki, mstari wa nanomita 313. Rangi ya buluu inaanzia upande ulioelekea taa. Zimeni taa na mpime kuanzia nanomita 400 hadi 700: vilele viwili vinajitokeza, kimoja karibu na 565, kingine karibu na 615. Radikali haiendi popote, kwa kuwa elektroni iliyofukuzwa imenaswa ndani ya kioo kigumu, mbali na molekuli iliyoitoa.

Wengine watauliza kwa nini sitangulizi resonansi ya spini ya elektroni (ESR), mbinu inayogundua elektroni zisizo na mwenzake kwa kutumia sumaku. Hidrojeni 12 za methili, naitrojeni 2 na hidrojeni 4 za pete zingeleta, kwa hesabu, mistari 325 ndani ya myeyusho, lakini kwenye kioo kilichoganda mistari hiyo hufifia na kuungana kuwa nundu pana, kwa hiyo kwa somo la leo napendelea vilele hivi viwili.

Kabla ya kupasha joto, fungueni bomba la tyubu, kwani gesi iliyoganda ndani hupanuka na kuipasua. Kisha inueni tyubu polepole, huku mkirekodi kilele cha 615: kioo kikilainika, elektroni hurudi, na wakati mwingine huonekana mng'ao hafifu. Andikeni joto mlilokuwa nalo buluu ilipoanza kupungua, kwa kuwa litahitajika katika video ijayo.