Mzigo Mpya: Muvi Tano za Kukodi Wikiendi Hii (tumefika ya tatu)

ZUHURA: Kabla hujafungua orodha yako, Beka, nijibu. Kwa nini mwanangu Hamadi anatembea kama mlevi?

BEKA: (anacheka) Mimi tena?

ZUHURA: Si wewe uliyenielekeza kwa yule kijana wa muvi? Nimempa flashi, nitilie za familia, mzigo mpya. Jumapili mama mkwe kaja, kakaa, mara Hamadi huyo anaingia sebuleni anayumba, kikombe cha chai kakishika kwa vidole viwili hivi, anamrushia bibi yake ngumi za hewani. Na mama mkwe ananiangalia mimi!

BEKA: Hiyo Drunken Master. 1978, Jackie Chan bado kijana. Dada, hiyo ya familia kabisa: mtoto mtundu, baba kamtafutia mwalimu mkali.

ZUHURA: Mwalimu mwenyewe mlevi!

BEKA: Ila ile ya kuning'inia kichwa chini, anachota maji ndooni kwa vikombe vidogo, anainuka nayo kujaza pipa la juu...

ZUHURA: Usimwambie Hamadi. Nina ndoo mbili tu.

BEKA: Haya, ya kwanza kaichambua Hamadi. Ya pili, The 36th Chamber of Shaolin, mwaka huohuo. Gordon Liu anataka kisasi, anakwenda hekaluni akidhani atapewa ngumi siku ileile. Wapi! Anabeba ndoo za maji mikono kainyoosha, visu vimefungwa mikononi. Ukishusha tu, vinakuchoma mbavu. Nusu ya muvi ni mazoezi, na huchoki.

ZUHURA: Hiyo nakubali.

BEKA: Ya tatu, Fist of Fury, 1972. Bruce Lee ndiye stelingi, anaitwa Chen Zhen. Kodi hata kwa ajili ya mwisho peke yake, pale stelingi anapokufa.

ZUHURA: Hafi.

BEKA: Zuhura.

ZUHURA: Stelingi hafi. Anaruka, picha inaganda yuko hewani. Umemwona anaanguka?

BEKA: Milio ya bunduki je?

ZUHURA: Kusikia bunduki ndiyo kupigwa? Kwenye banda letu Tandika mtafsiri alisema, "Hapo katua nyuma yao, kawaacha wanapigana risasi wenyewe." Banda zima makofi.

BEKA: Aliogopa mtadai hela zenu! Bruce mwenyewe kafariki Julai 1973, ana miaka 32...

ZUHURA: Bruce kafariki. Chen Zhen hajafariki.

BEKA: Sikiliza. Anajitoa ili shule ya mwalimu wake isifungwe. Uzito wote uko hapo. Ukimfufua, umemnyang'anya.

ZUHURA: Angetaka tumzike, mtengenezaji angetuonyesha maiti. Kamwacha juu. Mimi nani nimshushe?

BEKA: Huo ukaidi.

ZUHURA: Na wako ni uchuro.

BEKA: (kimya) ...Siwezi kukubali, kwa kweli.

ZUHURA: Wala sijakuomba.

BEKA: Mitamboni wananionyesha kidole kimoja. Dakika moja? Jamani, nilikuwa na Home Alone, nina The Lion King, na nilitaka kueleza namna ya kumchagulia mtoto muvi kwa umri...

ZUHURA: Ungeniambia hilo Jumamosi.

BEKA: Basi wiki ijayo. Wasikilizaji, mkirudisha flashi za watu, rudisheni na vifuniko vyake. Mimi ni Beka...

ZUHURA: Maiti, Beka. Uliiona?

BEKA: Zimeni maiki.