Mtu wa Kanzu Juu ya Genge: Kupiga Picha Mughsail na Mutrah

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa zangu mliokaa mbele. Nimepewa dakika ishirini, na kwa kuwa umeme wa huku kwetu tunaujua wenyewe, naanza na picha kabla ya maneno.

Tazameni hii. Ni genge. Si genge la nyanya na vitunguu, jamani, ni lile la baharini: ukuta wa mwamba umekatika ghafla na chini yake maji. Nani ataniambia lina kimo gani? Mmoja anasema mita kumi. Bwana yule wa nyuma anasema mia. Siwalaumu, picha yenyewe haijasema kitu. Sasa hii ya pili. Genge ni lile lile, nami sikuhama hata hatua, zimepita dakika tano tu. Mnakiona kidoa cheupe pale juu kushoto? Huyo ni mtu kavaa kanzu.

Eeeh. Hiyo “eeeh” yenu ndiyo niliyoifuata safari nzima.

Hapo ni Mughsail, kusini mwa Omani, kama kilomita 40 magharibi ya Salala. Najua wengi wenu mna jamaa Maskati, lakini Salala ni safari nyingine. Kutoka Maskati ni kiasi cha kilomita elfu moja, na tulikwenda kwa gari. Kutwa nzima jangwa, mpaka unaanza kuhesabu matangi ya maji barabarani. Halafu njia inapanda mlima, kioo cha gari kinaingia manyunyu, na mbele yako ngamia kasimama kwenye majani mabichi kama ng'ombe wa Makunduchi. Wenyewe msimu huo wanauita kharifu, nasi tunaujua kwa jina letu: kusi. Upepo ule ule uliokuwa ukiwarudisha wenye majahazi kwao Uarabuni ndio unaoipiga pwani ya Dhofari, mkoa wenye mji wa Salala. Unayasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali, ya chini yenye baridi yanapanda, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu. Milima inauzuia ukungu usipite. Basi kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ukingo ule wa jangwa unakuwa kijani.

Kwa mpiga picha hii ni neema yenye masharti. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ukungu unatoka rangi ya majivu. Ongeza mwanga hatua moja kwenye kipimo cha kamera, hata moja na nusu. Siku ya kwanza sikufanya hivyo, nikarudi na picha mia mbili za moshi wa kuni.

Sasa mwamba wenyewe. Pale Mughsail sakafu ya mawe ina matundu, na chini yake pana pango. Wimbi linaingia pangoni, linakosa pa kutokea, linafyatukia juu kwenye matundu. Siku za kusi kali maji yanaweza kupanda hata mita 30. Lakini husikika kabla ya kuonekana. Kwanza mwamba unakoroma chini ya miguu yako. Kisha tundu linavuta pumzi, kweli linavuta, kofia yangu ilitikisika. Ndipo maji. Ukingoja uyaone maji ndipo ubonyeze, umechelewa, utapata mkia wake tu. Bonyeza kwenye pumzi. Kasi ya shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, iwe sehemu moja ya elfu ya sekunde, matone yagande hewani. Wapo wanaopenda kuweka kamera kwenye stendi, wakaacha shata wazi nusu sekunde, bahari ikatoka laini kama maziwa. Mimi maziwa yale siyapendi. Bahari ya kusi haina ulaini wowote, ukiilainisha umeisingizia.

Chumvi je? Kila baada ya picha chache lenzi inakuwa na madoa. Usifute kikavu, punje za chumvi zitakwaruza kioo. Lowesha kwanza kitambaa kwa maji baridi ya kunywa, pangusa taratibu, kisha kausha. Nimenunua vitambaa vya kila aina, na hakuna kilichoshinda kipande cha kanga kuukuu ya mama yangu, pamba iliyofuliwa mpaka imesahau rangi.

Turudi kwa mtu wa kanzu, maana naona mama pale ananitazama kama nilimtuma mtoto wa watu akafe. Hakuwa ukingoni. Alikuwa amesimama kando ya barabara inayopanda mlima kuelekea Sarfait, kwenye mpaka wa Yemeni, akinyoosha miguu, gari lake limefichwa na mwamba. Mimi nilikuwa chini, mbali, na lenzi ya milimita 200. Lenzi ndefu inavibana vitu: kilicho nyuma inakivuta mbele, na ukipiga kutoka chini huioni ardhi iliyo kati ya mtu na ukingo. Nilimsogeza kwenye genge kwa kioo. Hakusogea kwa miguu yake. Nalisisitiza hili kwa sababu Julai 2022 watu waliovuka uzio wa usalama hapo hapo Mughsail walizolewa na wimbi, watoto wakiwemo. Uzio ule haukuwekwa kwa ajili ya mapambo. Na wimbi la kusi halilingani na yale uliyoyahesabu kabla yake. Saba yanaweza kupita kwa adabu, la nane likakufuata ulipo.

Mjini mambo yanageuka. Gengeni mtu ni kidoa, haihusu ni nani. Mutrah mtu anakutazama machoni.

Mutrah ni ile bandari ya zamani ya Maskati: nyumba nyeupe zimepangana ufukweni, nyuma yake milima ya mawe meusi imesimama wima, na ngome ya Wareno juu ya mwamba. Manispaa inataka majengo yawe meupe au ya rangi hafifu, wala yasirefuke sana, kwa hiyo mlima ndio unaobaki mkubwa. Ni mji wa asubuhi. Jua linatokea upande wa baharini, linazipiga nyumba usoni. Jioni linapotelea nyuma ya milima na barabara ya ufukweni inaingia kivulini mapema. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Saa kumi na mbili kasoro nikatoka chumbani na kamera shingoni, nikainua, nikatazama: ukungu mtupu. Chumba kilikuwa na kiyoyozi cha kugandisha nyama, nje joto na unyevu, lenzi ikatoka jasho. Ukiifuta inarudi. Dawa yake ni kuiacha kamera ndani ya mkoba uliofungwa, ukautoa nje nusu saa kabla, ipate joto polepole. Mimi nililala na kamera kando ya mto wa kulalia, kama mjinga.

Basi nikaingia soko la samaki nikiwa na simu tu. Soko lile ni jipya, lilifunguliwa 2017, na paa lake la mbavu za alumini linamwaga mistari ya kivuli juu ya kila kitu: sakafu, mizani, migongo ya watu. Mzee mmoja alikuwa akikata nguru, kisu kinapita kwenye mistari ile, mwanga, kivuli, mwanga. Nikamwomba picha kwa Kiarabu changu cha msikitini. Akatikisa kichwa. Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia, “Twende zetu, mzee hataki.”

“Mzee hataki nini?” akasema, bila kuinua macho.

Kazaliwa Wete, Pemba. Kaondoka kijana, hajawahi kurudi. Nikampa shikamoo iliyochelewa, akanicheka, akaagiza kahawa. Kwa muda wa kama dakika arubaini sikuigusa simu. Alitaka kujua karafuu mwaka huu zinauzwaje, na kama ule mwembe wa karibu na skuli bado upo. Mwisho akafuta mikono kwenye aproni akasema, “Haya, piga. Lakini mikono tu. Sura yangu si ya gazeti.”

Hii hapa. Mistari ya paa, magamba ya nguru, vidole. Jua lilikuwa limeshapanda, ule mwanga niliouamkia umekwisha, na kamera ya thamani ilikuwa bado inatoka jasho mkobani. Sina nyingine ninayoipenda zaidi.

Aliniomba kitu kimoja, nimchapie nakala ya karatasi, si ya simu. Nimeichapa, hii bahasha. Kama kuna anayekwenda Maskati mwezi huu, aje tuonane tukimaliza. Haya, maswali.