Chumvi Haiyeyuki Mchuzini: Mhadhara kwa Wanaoanza Kemia

Karibuni. Mliokaa nyuma sogeeni mbele, kwa sababu mezani kuna glasi mbili na nataka kila mmoja azione kwa macho yake.

Hii ya kushoto ina maji ya mtungini, baridi. Natia kijiko cha sukari, nakoroga kidogo. Tazameni: sukari haionekani tena. Hii ya kulia ina maji yaliyotoka kwenye birika sasa hivi. Natia kipande cha samli. Kimelegea, kimekuwa mafuta, kinaelea juu. Haya, sukari imefanya nini? Mnajibu: imeyeyuka. Na samli? Imeyeyuka.

Basi hapo ndipo tunapogombana, na waliowahi kukaa katika chumba hiki wanajua kwamba siachi. Mmetumia neno moja kwa mambo mawili ambayo hayana hata undugu. Samli imeyeyuka, kweli. Ilikuwa yabisi, joto limeifanya kimiminika, na maji yakipoa itaganda juu pale pale kama utando. Lakini haikuingia ndani ya maji. Sukari nayo imeingia ndani ya maji, na wala haikuyeyuka. Sukari imemumunyika. Kwa hiyo mezani mna kitu kilichoyeyuka bila kumumunyika, na kingine kilichomumunyika bila kuyeyuka.

Kuyeyuka kunahitaji kitu kimoja na joto. Kumumunyika kunahitaji vitu viwili: kimumunywa, kile kinachoingia, na kimumunyishi, kile kinachopokea. Matokeo yake ni mmumunyo. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Sufuria ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Maana yake ni kwamba mama akitaka chumvi iyeyuke kweli kweli jikoni, sufuria itatangulia kumwagika mekoni kabla chumvi haijatikisika. Mchuzi unachemka kwenye nyuzi 100 na ushei. Chumvi haiyeyuki mchuzini. Haijawahi.

Na Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko sisi tunaokisema. Mtoto akiwa na pipi mdomoni tunasema anaimumunya. Pipi inakwisha kwa mate, kwenye joto la mwili la nyuzi 37, na joto hilo haliwezi kuyeyusha sukari hata kidogo; sukari inahitaji nyuzi 180 na zaidi, na hapo tayari inaanza kuungua na kuwa kahawia. Mpe mtoto huyo huyo kipande cha chokoleti. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, kwa hiyo chokoleti inayeyuka mdomoni. Mdomo mmoja, mambo mawili.

Najua kuna atakayesema: mwalimu, lugha ni ya watu, na watu wanasema sukari imeyeyuka kwenye chai. Nyumbani semeni mpendavyo. Lakini neno hili likiingia darasani linaleta hasara inayohesabika. Mwanafunzi aliyezoea "kuyeyuka" anaamini kwamba lazima pawe na moto, kwa hiyo anashangaa chumvi ikiingia katika maji ya barafu. Anaamini sukari imegeuka kimiminika, kwa hiyo akiambiwa achore chembe zake anachora matone. Na gesi je? Soda ina gesi ya kaboni dioksidi iliyomumunyika ndani yake. Gesi iyeyukeje? Tayari imeshapita hatua hiyo. Mwanafunzi anakwama pale kwa sababu ya neno, si kwa sababu ya akili.

Sasa, ndani ya glasi kunatokea nini? Molekuli ya maji ina upande wa oksijeni wenye chaji hasi kidogo na upande wa hidrojeni wenye chaji chanya kidogo. Chumvi ni ayoni, yaani chembe zenye chaji: za sodiamu, chanya, na za kloridi, hasi, zilizopangika safu safu. Maji yanazizunguka ayoni za pembeni, oksijeni ikielekea sodiamu, hidrojeni ikielekea kloridi, na kuzing'oa moja moja. Sukari haina ayoni, lakini molekuli yake imejaa vikono vya oksijeni na hidrojeni ambavyo maji yanavishika vizuri. Samli haina cha kushikwa. Basi.

Lingine linalochanganywa kila mwaka: kasi na kiasi. Ukikoroga, sukari inamumunyika haraka. Ukiisaga, inamumunyika haraka. Lakini kukoroga hakuongezi hata gramu moja kwenye kiasi ambacho maji yanaweza kubeba. Kwenye nyuzi 20, gramu 100 za maji hubeba gramu 36 za chumvi. Ukitia 40, nne zitakaa chini, na ukikoroga mpaka jioni zitakuwa bado nne. Mmumunyo huo umeshiba. Kiasi hicho cha mwisho ndicho tunachokiita umumunyifu, na hakina maana usipotaja halijoto. Joto ndilo linalogusa vyote viwili, kasi na kiasi, ila haligusi kila kitu sawasawa. Chumvi, kutoka nyuzi 20 mpaka 100, hupanda kutoka 36 hadi 39 tu. Sukari hupanda kutoka 204 hadi 487.

Tofauti hiyo twendeni nayo kwenye kaimati, vile vitumbua vya duara vinavyochovywa kwenye shira, maana shira, sukari iliyochemshwa na maji, ni somo zima la umumunyifu.

Chukua nusu kilo ya sukari na robo lita ya maji. Hiyo ni gramu 200 za sukari kwa kila gramu 100 za maji, karibu kabisa na shibe kwenye joto la kawaida. Ndiyo maana ukikoroga bila moto unachoka. Bandika mekoni: kabla haijachemka yote imekwisha kuingia. Pimeni uzito wake, mtapata gramu 750 kamili, hakuna kilichopotea. Pimeni ujazo, hamtapata mililita 750 bali karibu 560. Uzito unajumlishika, ujazo haujumlishiki. Hili lishikeni, nitalirudia mwishoni.

Endelea kuchemsha. Maji yanatoka kama mvuke, sukari haitoki. Tuseme zimeondoka gramu 70 za maji, zimebaki 180. Sasa ni gramu 278 kwa kila 100. Ikiwa ya moto hiyo si shida, maji yana nafasi. Epua, iache ipoe mpaka nyuzi 30, joto la jiko la Dar es Salaam au Mombasa. Hapo gramu 100 za maji zina haki ya kubeba takriban 220, kwa hiyo maji yako 180 yana haki ya kubeba gramu 396. Wewe umeyapa 500. Zaidi ya gramu 100 hazina mahali halali pa kukaa.

Je, zitatoka? Si lazima! Hapa ndipo watu wanapolaumu chapa ya sukari na mengine mengi. Shira inaweza kukaa imevuka shibe kwa siku kadhaa, imetulia, inang'aa, kwa sababu punje mpya haianzi kirahisi pasipo mahali pa kuanzia. Ukipitisha kijiko chenye punje moja ya sukari, au pembeni mwa sufuria kukibaki sukari kavu ikadondokea ndani, au ukikoroga inapopoa, punje hiyo inakuwa mbegu. Molekuli zote zisizo na mahali zinaikimbilia, na shira yako inarudi kuwa sukari, nyeupe, ya chengachenga. Asiyetaka hilo ataacha kukoroga baada ya shira kuchemka, atapangusa kingo za sufuria kwa brashi iliyolowa, na atakamulia ndimu kidogo ikiwa bado mekoni. Ndimu si ya harufu tu: asidi yake, pamoja na moto, inavunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zinaingilia safu za punje zisijipange. Na anayetaka kaimati zipate ganda jeupe afanye kinyume: asitie ndimu, aigeuzegeuze kaimati ndani ya shira nzito inapopoa. Wote wawili wanatumia kanuni moja.

Mtu aliyeshuhudia sukari ikirudi hivyo hawezi tena kusema ilipotea au iligeuka kitu kingine.

Chumvi huwezi kuirudisha kwa kupoza. Hesabuni wenyewe: kutoka 39 hadi 36, utapata gramu tatu tu kwa kila 100 za maji. Lazima uyaondoe maji. Ndiyo maana wenye mashamba ya chumvi, Bagamoyo au Gongoni kule kaskazini mwa Malindi, wanategemea jua na upepo. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvichumvi kwa kilo, na katika hizo chumvi ya kula ni 27 tu. Kila moja ina shibe yake, kwa hiyo zinatoka kwa zamu. Inatangulia chokaa, kisha jasi, kwa sababu jasi humumunyika gramu 0.2 tu kwa 100 za maji. Ndiyo sababu maji huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa: jasi ibaki nyuma. Maji yakibaki kama sehemu ya kumi, chumvi ya kula inaanza kutoka na kuwa punje. Na hapa kuna kosa la kawaida: kuacha bwawa likauke kabisa. Maji ya mwisho yana chumvi za magnesiamu, chungu, zinazomumunyika sana. Yanatakiwa yamwagwe. Yakikaukia ndani, chumvi inakuwa chungu na inalowa ghalani hata bila mvua, kwa kuwa magnesiamu kloridi hunyonya unyevu wa hewa.

Muda umekwenda. Nilitaka kuzungumzia gesi kwa kirefu, haitawezekana. Jueni hili tu: gesi huenda kinyume na sukari. Maji yakipata joto, gesi inatoka. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5. Mfugaji wa samaki analijua hilo bila kuambiwa.

Sasa kutayarisha mmumunyo, haraka, maana mchana mko maabara. Mnatengeneza mililita 250 za sodiamu kaboneti, moli 0.1 kwa lita; moli ni kipimo cha idadi ya chembe. Pima gramu 2.65 za ile kavu, ya unga. Someni lebo! Ile ya fuwele ina maji ndani yake, moli moja ni gramu 286 badala ya 106, na inahitaji gramu 7.15. Ukipima 2.65 za fuwele utapata moli 0.037 kwa lita, na titresheni nzima, yaani kupima mmumunyo mmoja kwa kuutilia mwingine, itaharibika bila wewe kujua sababu. Mumunyisha kwenye bika kwa mililita 100 hivi za maji yaliyokenekwa, iishe kabisa. Mimina kwa faneli kwenye chupa ya ujazo, ile yenye alama moja shingoni. Suuza bika mara tatu, na maji ya kusuuzia yaingie humo humo. Ikiwa na joto, ngojea ipoe. Jaza mpaka sentimita moja chini ya alama, malizia kwa kitoneshi, kitako cha mkunjo wa maji kiguse mstari sawasawa. Funga, pindua juu chini mara kumi na zaidi, la sivyo chini patakuwa na ukali na juu maji matupu. Ukipitisha alama, usinyonye kilichozidi. Mwaga, anza upya.

Mmoja hapa ameuliza: mbona ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari anayopewa anayeharisha, tunapima kwanza lita moja ya maji, ndipo tunaitia? Swali zuri, na linaturudisha kwenye lile la ujazo. Pakiti ya lita ni gramu 20.5, inaongeza ujazo kama asilimia moja. Mwili unalivumilia hilo, titresheni hailivumilii. Kisichovumilika ni kutia pakiti ya lita kwenye chupa ya nusu lita. Sodiamu inapanda kutoka milimoli 75 kwa lita hadi 150, juu ya ile ya damu ambayo ni karibu 140, na mtoto anayeharisha anazidi kuumia. Zipo pia pakiti za nusu lita, kwa hiyo soma pakiti kwanza, kisha pima maji.

Saa nane, maabara ya pili. Mizani ni nne tu, njooni kwa makundi, na kila kundi lilete bika lililooshwa na kukaushwa.