Jua la Saa 4 Usiku: Hei, Magugu na Kamba ya Katani

Hamjambo wa nyumbani. Wazee wangu wa Tanga, shikamooni. Wa Muheza, Pangani, Korogwe na kule juu Lushoto, habari za huko? Hilo jua mnaloliona nyuma yangu msidhani ni la alasiri. Hapa kisiwani Fyn, Denmark, ni saa 3 na robo usiku. Tumefika tarehe 21 Juni, siku ndefu kuliko zote katika mwaka: jua limechomoza saa 10 na nusu na ushee alfajiri, litazama kama saa 4 usiku. Mwanga wa karibu saa 17 na nusu. Ninyi Tanga mwezi huu mnapata saa 12 kasoro dakika chache, na Desemba saa 12 na dakika chache, basi.

Mwanga huu ndio unaoendesha kazi yote ya mwezi wa Juni kwenye shamba dogo la kilimo hai kama hili la familia, la hekta 12: ng'ombe wa maziwa 8 aina ya Jersey, kuku wa mayai 60, nusu hekta ya mboga na viazi, na sehemu kubwa iliyobaki ni nyasi zilizochanganywa na klova. Leo nataka tukae zaidi kwenye hizo nyasi, na jinsi zinavyokaushwa kuwa hei, chakula cha akiba cha ng'ombe. Watu wengi wakisikia kilimo hai wanauliza karoti na nyanya. Lakini hapa karoti inaanzia kwenye nyasi.

Kwenye kilimo hai mbolea ya naitrojeni ya viwandani hairuhusiwi. Naitrojeni inatoka kwenye mizizi ya klova, ambayo inaivuta hewani kama kunde na choroko zinavyofanya kwenu. Ng'ombe anakula klova, samadi yake inarudi shambani, na hata samadi ina kiwango: sheria ya Umoja wa Ulaya inataka isizidi kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Tena inataka angalau asilimia 60 ya chakula kikavu cha ng'ombe kwa siku, yaani uzito ukiondoa maji, iwe majani, mabichi au ya kukausha. Sasa majira ya baridi huku ng'ombe yumo bandani miezi sita na nje hakuoti kitu. Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Zidisha mara siku 180: tani 2 na kilo 160, kwa ng'ombe mmoja. Chakula hicho chote kinatafutwa sasa, katika hizi wiki chache za jua.

Haya, nashusha kamera. Tazameni hili shina. Kichwa cha nyasi ndiyo kwanza kinachungulia, maua bado. Hapa ndipo pa kukata. Ukingoja wiki mbili zaidi utapata mzigo mkubwa, utafurahi, lakini umevuna fito. Ng'ombe atazitafuna na maziwa hayapandi, kwa sababu majani yameshageuka mabua na protini imeshuka.

Kukata kunaanza asubuhi umande ukishakauka, na kunahitaji siku tatu au nne za ukavu mfululizo, kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa unaangaliwa kabla ya chai. Kisu kinawekwa juu ya ardhi sentimita 7 au 8. Wengi wanapenda kukata chini kabisa ili wasipoteze. Hasara yake ni hii: unakusanya udongo, unachelewesha chipukizi, na nyasi zilizokatwa zinalala juu ya ardhi yenye unyevu. Kisiki kirefu kidogo kinazishika juu kama kichanja, hewa inapita chini yake.

Siku ya kwanza nyasi zinatawanywa na kugeuzwa mara mbili au tatu. Jioni zinakusanywa kwenye mistari, kwani umande utalowesha mgongo wa mstari tu badala ya shamba zima. Kesho yake zinatandazwa tena. Na hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu: jani la klova linakauka mapema kuliko shina lake. Ukiligeuza adhuhuri likiwa kavu linapukutika lote, unabaki na vijiti. Siku ya pili na ya tatu geuza asubuhi, jani likiwa bado na unyevunyevu kidogo, taratibu.

Utajuaje imekauka? Robota, yaani fungu la hei lililobanwa na kufungwa kamba, likiwa dogo la kilo 15 hadi 20 linafungwa unyevu ukiwa chini ya asilimia 18 au hapo. Huna kipimo? Chukua konzi ya nyasi uisokote kama unasokota kamba. Ikinyongeka bila kukatika, bado. Ikianza kukatika na mkono hauhisi ubichi, iko karibu. Kisha kwangua shina kwa ukucha: ganda likibanduka kama utepe, maji bado yamo ndani. Na ipo njia ya chupa na chumvi, inayofaa hata Pongwe au Maramba. Weka nyasi zilizokatwakatwa kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana, tia kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikishikana madonge, ngojea. Ikibaki inamwagika, funga robota.

Sasa kamba. Angalieni kwa makini, wa Tanga mtaijua hata kabla sijasema: ni katani. Mnajua historia yake, mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka humo mkonge ukaenea mpaka nchi ikavuna kama tani 230,000 mwaka 1964. Sehemu kubwa ya katani hiyo ilikwenda kufunga nyasi na nafaka kwenye mashamba ya watu wa mbali, kama hili, mpaka kamba za plastiki zilipoingia. Wakulima wengi wa kilimo hai wanaitaka katani, na sababu yao ni ya kazi: kipande cha katani kikidondoka shambani kinaoza. Cha plastiki hakiozi, na ng'ombe akikimeza kinajikusanya tumboni kama donge na kinaweza kumuua.

Ndiyo maana nazungumza na Tanga leo. Kamba mnayo. Jua mnalo. Nyasi baada ya masika zinamfika mtu kiunoni. Halafu Januari na Februari, kaskazi ikishakausha kila kitu, mfugaji anazunguka na toroli akitafuta majani barabarani na ng'ombe anakauka maziwa.

Robota halihitaji trekta. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Liweke chini pasafi, tandika ndani vipande viwili vya kamba, kila kimoja mita 3 hivi, ncha zake zining'inie nje. Jaza hei, kanyaga kwa miguu hasa kwenye pembe, jaza tena, kanyaga. Funga fundo, nyanyua sanduku, robota linabaki chini, kilo 20 au karibu yake. Ng'ombe chotara anayekula kilo 10 za hei kwa siku anamaliza robota moja kwa siku mbili. Kwa siku 60 za kiangazi ni marobota 30. Weka 35, maana mengine yataharibika. Kamba yake ni mita 210.

Ila Tanga msifuate ratiba ya huku kama ilivyo. Jua lenu ni kali kuliko la Denmark, nyasi zilizotandazwa vizuri zinaweza kukauka kwa siku moja na nusu. Tatizo lenu ni usiku: hewa ya pwani ina unyevu, na mvua za mchoo hazipigi hodi. Kwa hiyo kata kidogo kidogo, kiasi mnachoweza kukusanya siku hiyo hiyo. Ikifika saa 11 jioni rundika, funika kwa turubai au ingiza chini ya paa, tandaza tena saa 3 asubuhi. Majani ya lukina na gilirisidia, ile miti ya malisho, yakausheni kivulini juu ya gunia, yakipukutika mnabaki nayo. Na kwa mabingobingo, ambayo shina lake nene ni gumu kukausha, afadhali sileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa: yakate yakiwa na urefu wa mita 1 hivi, yaache yanyauke nusu siku, yakatekate vipande vya sentimita 2 au 3, changanya kilo 3 hadi 5 za molasi kwa kila kilo 100, shindilia kwenye mfuko mzito wa plastiki au pipa mpaka hewa itoke, funga kabisa. Usifungue kabla ya wiki nne. Ikinukia uchachu mtamu, imekubali. Ikinuka kama siagi iliyovunda, hewa iliingia au majani yalikuwa mabichi mno.

Jambo jingine msiliige ni kuwaachia ng'ombe malishoni. Huku sheria ya kilimo hai inataka watoke, na wanatoka, lakini huku hakuna ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kwenu kupe yupo, na ng'ombe chotara anayefungwa bandani hafungwi kwa ukatili. Mletee majani. Na mtu asikudanganye kwamba kilimo hai maana yake ng'ombe mgonjwa asitibiwe. Anatibiwa, hata kwa antibiotiki ikibidi. Kinachobadilika ni muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa, unakuwa mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye dawa.

Twende upande wa mboga, haraka kidogo, jua linashuka.

Hizi karoti zina majani manne. Mwanga wa Juni unaotuletea nyasi unaleta na magugu, na karoti ni mnyonge, inachukua wiki mbili au zaidi kuota. Ujanja unaanza kabla ya kupanda. Tuta linatengenezwa, linaachwa siku 10 hadi 14 magugu yaote, kisha yanaparuliwa juujuu, kina kisifikie sentimita 2, maana ukichimba zaidi unaamsha mbegu nyingine zilizolala. Ndipo karoti inasiwa. Halafu kipande cha kioo kinalazwa juu ya sehemu ya mstari. Chini ya kioo kuna joto, karoti za hapo zinachungulia siku moja au mbili kabla ya wenzao. Ukiziona tu, siku hiyo hiyo pitisha kichomeo cha gesi juu ya tuta lote lililobaki. Magugu yaliyotangulia yanaungua, karoti bado iko chini salama. Ukichelewa siku moja, umechoma karoti.

Baada ya hapo ni jembe la kusukuma katikati ya mistari na vidole ndani ya mstari. Gugu linapaliliwa likiwa uzi mweupe, hata halijaonekana vizuri juu. Mnapita asubuhi jua likiwa kali, linanyauka kabla ya mchana. Palizi ya gugu lenye majani sita inachukua muda mara nyingi zaidi, na likinyeshewa linashika tena. Hili halihitaji tafsiri kwa mtu wa Lushoto.

Na wa Lushoto, viazi. Baka jani chelewa lipo na huku, linaingia kipindi hiki hasa, joto likichanganyika na majani yanayolala maji. Mkulima wa kilimo hai Denmark haruhusiwi kunyunyiza hata dawa ya shaba, ambayo nchi nyingine za Ulaya zinaikubali kwa kiwango. Anajikinga kwa mbegu zinazostahimili, kwa kuchipuza viazi wiki nne hadi sita kabla ya kupanda ili vinenepe ugonjwa haujafika, kwa mistari ya sentimita 75 hewa ipite, na kwa matuta marefu. Baka likishika kweli, majani yote yanakatwa na kuondolewa, viazi vinaachwa ardhini wiki mbili tatu ngozi ikomae. Ukivichimba siku hiyo hiyo, vimelea vilivyo juu ya udongo vinaingia kwenye kiazi na ghala zima linaoza.

Kuku mnawaona pale, banda lao lina magurudumu. Linasogezwa kufuata ng'ombe, siku tatu au nne baada ya ng'ombe kuhama, maana wakati huo mabuu ya nzi kwenye mavi yamenenepa na kuku anayachakura. Kila kuku anatakiwa kuwa na mita 4 za mraba nje. Uzio ni wavu wa umeme kwa ajili ya mbweha. Kazi yake ngumu Juni ni usingizi wa mfugaji: kuku haingii mpaka giza liingie, na giza hapa linaingia karibu na saa 5. Mlango ukisahaulika usiku mmoja, mbweha hasahau.

Lile rundo la matawi kule ni la moto wa Sankt Hans, sikukuu ya kiangazi ya huku Denmark, tarehe 23 usiku. Litapangwa upya siku hiyo hiyo kabla ya kuwashwa, kwa sababu kalunguyeye wanapenda kujificha ndani.

Nimalizie ghalani. Marobota haya yamekaa siku nne, juu ya vichaga vya mbao, hayagusi sakafu wala ukuta, na yameachiwa nafasi. Hei iliyofungwa ikiwa mbichi inachemka yenyewe, vijidudu vinapumua ndani, na wiki mbili hadi sita za mwanzo inaweza kuwaka bila kiberiti. Kwa hiyo huu hapa ni ufito wa chuma. Unachomekwa mpaka katikati, unasubiri dakika 15. Ukiuchomoa ukashindwa kuushika kiganjani, usianze kuvuta marobota, utaingiza hewa na moto utalipuka. Ita zimamoto kwanza. Ngoja... nauchomoa. Una uvuguvugu tu. Narudi kuupima kesho asubuhi.